Duka dogo la dawa la Cleveland Avenue, Columbus: wanajua kwa nini bima imekataa

Nilipoingia duka hili mara ya kwanza, mwezi wa pili mwaka jana, kalamu yangu ya mwisho ya insulini ilikuwa imebakiza uniti hamsini na kitu. Mkononi nilikuwa na karatasi ya duka kubwa nililokuwa nikinunua dawa tangu nihamie Ohio, imeandikwa kwamba ni mapema mno kwa bima kulipa sanduku jingine, na siku hiyo zilikuwa zimebaki siku 18. Nilitoka na sanduku langu baada ya muda usiozidi saa moja na robo. Tangu siku hiyo dawa zangu zote nimezihamishia hapa, na nimekaa kuandika kwa kirefu kwa sababu najua wengi wetu mji huu, Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi, tukiambiwa "bima imekataa" tunasema ahsante na kurudi nyumbani.

Natoa nyota nne. Ya tano nitaifikia.

Nina kisukari mwaka wa kumi na moja sasa, na presha juu yake. Usiku najichoma insulini ya Lantus, asubuhi na jioni nameza metfomini, na amlodipini ya presha kidonge kimoja. Kazi yangu ni ya ghalani, huko Groveport, kufunga mizigo, na bima ninayo ya kazini. Bima hiyo ukinunua dukani inalipia dawa za siku 30 kwa mara moja, isipokuwa kitu kama sanduku la insulini ambalo halivunjwi. Hapo ndipo hesabu zangu zilipoharibika, na naomba mnivumilie nizieleze, kwa sababu bila hesabu hii hamtaelewa wema niliofanyiwa.

Sanduku la Lantus lina kalamu tano, kila kalamu uniti 300, jumla uniti 1,500. Daktari alianza kwa kuniandikia uniti 20 kila usiku. Duka la mwanzo likagawa 1,500 kwa 20, likaingiza kwenye kompyuta kwamba sanduku hili ni la siku 75. Siku tatu baadaye daktari akanipigia simu: majibu ya damu si mazuri, panda hadi 36. Nikapanda. Cheti kipya hakikuandikwa, maneno yaliishia kwenye simu. Tena kila usiku kabla ya kujichoma unatakiwa utemeshe kalamu uniti mbili hewani, kuhakikisha sindano inapitisha na hewa imetoka. Hizo mbili nazo hakuna aliyezihesabu. Kwa hiyo mimi natumia uniti 38 kwa usiku, sanduku langu haliwezi kufika siku 40, na bima inaamini nina dawa ya miezi miwili na nusu.

Siku ya 37 nikaenda kuchukua sanduku jingine. Binti wa kaunta akaangalia kioo cha kompyuta, akasema ni mapema mno, nirudi baada ya siku 23. Nikamwambia dawa inakwisha. Akarudia tarehe. Sikumlaumu, foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu na yeye alikuwa peke yake, lakini hakuniuliza swali moja tu ambalo lingemaliza kila kitu: mama, unajichoma uniti ngapi?

Nikafanya jambo ambalo simshauri mtu yeyote alifanye. Nikajipunguzia, uniti 15 badala ya 36, ili kalamu inivushe. Usiku wa tano kipimo kikasoma 380, ambayo kwa vipimo vya kwetu Tanzania ni kama 21. Kiu haikatiki, msalani kila saa, na asubuhi yake nasimama kwenye mkanda wa mizigo nasoma lebo moja mara tatu kwa sababu macho yana ukungu. Dada mmoja wa Kikenya ninayefanya naye kazi akanishika mkono akaniuliza, "Wewe umekula dawa kweli?" Nikamweleza. Akaniambia tukitoka tu niende Cleveland Avenue, kwa yule mama wa Kighana.

Duka lenyewe usitegemee kuliona ukiwa kwenye gari linakwenda kasi. Liko kwenye safu ya maduka, katikati ya saluni ya kusuka nywele na duka la kutuma pesa. Ndani ni chumba kimoja, viti vinne vya plastiki, kaunta, na nyuma ya kaunta rafu zinazofika darini. Mwenye duka ndiye mfamasia, mwanamke wa makamo, miwani kwenye kamba shingoni. Anayepokea watu ni kijana wa Kikongo, wa Uvira, na ndiye aliyenisikia nikihangaika kutafuta neno la Kiingereza la "kutemesha" akanijibu kwa Kiswahili.

"Mama, keti. Asiransi ni gani?"

Nikampa kadi. Akabonyeza, akasubiri, akasema, "Imekatala. Lakini ngoja tuone imekatala juu ya nini."

Wengine wote niliowahi kupita kwao waliishia kwenye imekataa. Huyu aligeuza kioo cha kompyuta upande wangu akanionyesha namba: 79. Akanieleza kwamba bima inapokataa dai la dawa huwa inarudisha namba, na kila namba ina maana yake, na maana ndiyo inayokuambia mlango wa kugonga. 79 maana yake umekuja mapema. 75 maana yake dawa inahitaji kibali cha awali, yaani daktari ajaze fomu aieleze bima kwa nini dawa hii na si nyingine. 76 maana yake umepita kiwango cha mpango wako, vidonge vingi au siku nyingi kuliko wanavyoruhusu. Miaka yote niliyokaa Marekani nilidhani kukataliwa ni kukataliwa tu. Kumbe nilikuwa nasimama mbele ya mlango wa 79 na ufunguo wake ulikuwa simu ya dakika tano kwa daktari.

Mama mwenyewe akaja. Akaniuliza uniti ngapi, tangu lini, nani aliyesema. Akaandika kwenye kipande cha karatasi hesabu ile ile niliyowaeleza hapo juu, akanizungushia zile siku 75 kwa kalamu nyekundu. Akampigia daktari wangu nikiwa nimeketi pale. Cheti kipya kikaingia kwa kompyuta: uniti 36 kila usiku, mwisho kabisa 40 kwa siku. Alisisitiza hayo maneno ya mwisho yaandikwe, na kijana akanifafanulia sababu. Duka haliruhusiwi kubuni idadi ya siku. Wakaguzi wa bima wanakuja baadaye, wanafungua cheti, na wakikuta siku zilizoandikwa hazilingani na maandishi ya daktari wanarudisha pesa zao kutoka kwenye akaunti ya duka hata kama mgonjwa alishapewa dawa na akaitumia. Kwa hiyo 40 kwa siku, ongeza mbili za kutemesha, ni 42. Gawa 1,500 kwa 42, sanduku ni la siku 35. Kisha mama akaipigia bima akawaambia dozi imebadilishwa na daktari, akaomba lile katazo la mapema liondolewe kwa sababu hiyo. Kuna namna yake ya kuingiza kwenye kompyuta kwamba dozi imebadilika. Dai likapita.

Nilimuuliza, huku nimekumbatia ule mfuko kama mtoto, ningefanya nini kama ningekuja nikakuta mmefunga. Hapo akakaa kiti cha pembeni yangu. Akaniambia kisa cha Kevin Houdeshell, kijana wa Ohio hii hii. Usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 2014 alikwenda kuchukua insulini akaambiwa cheti chake kimeisha muda, na daktari kwa sababu ya sikukuu hakupatikana. Januari hiyo hiyo alifariki. Familia yake ikapigania sheria, na mwishoni mwa mwaka 2015 jimbo likaipitisha. Watu wanaiita sheria ya Kevin. Inamruhusu mfamasia, cheti kikiwa kimeisha na daktari hapatikani, kumpa mgonjwa wa maradhi ya kudumu dawa ya dharura ambayo amekuwa akiitumia siku zote. Inamruhusu, haimlazimishi, kwa hiyo lazima ujue kuiomba kwa jina. Na ikiwa shida ni bima kutolipa na si cheti kuisha, sheria hiyo haikulipii. Lakini mfamasia bado anaweza kukuuzia kwa fedha taslimu, na hilo nalo ni haki kuliuliza. Nimeiandika kwenye simu yangu: Kevin's Law. Kila mwenye kisukari Ohio aiandike.

Naomba nikae kidogo kwenye hili la kuja mapema, kwa sababu ndilo linalotusumbua wengi. Bima nyingi zinakubali kulipa tena ukiwa umeshatumia robo tatu au zaidi kidogo ya dawa uliyopewa. Kwa dawa ya siku 30, hiyo ni siku ya 23 kwa walio wapole na siku ya 26 kwa walio wakali. Dawa zinazodhibitiwa, kama baadhi ya za maumivu makali, zina sheria zake nyingine na nyingine haziongezwi kabisa bila cheti kipya. Kijana wa dukani ana msemo wake, anasema dawa "inafunguka" tarehe fulani. "Mama, ya presha inafunguka Alhamisi." Na alinifundisha kwamba bima nyingine hujumlisha zile siku chache unazowahi kila mwezi, hivyo ukiwahi mara tano mfululizo, mara ya sita wanaweza kukwambia una akiba nyumbani. Ndiyo sababu walinipangia dawa zangu tatu zifunguke siku moja. Mara ya kwanza ilibidi nipewe metfomini ya siku 12 tu ili zikutane, na nililipia mchango mdogo wa hizo siku, yaani ile sehemu ya bei ninayolipa mwenyewe. Tangu hapo ni safari moja kwa mwezi badala ya tatu, na kwa mtu anayetegemea basi namba 6 wakati wa baridi hiyo si raha ndogo.

Mwezi wa sita baba yangu alifariki, Tanga. Simu ilikuja Jumatano usiku. Tiketi niliyoipata ilikuwa ya Jumamosi, na nilijua sitarudi kabla ya arobaini kwisha na mambo ya nyumba kutengenezwa, wiki tisa. Dawa nilizokuwa nazo zilikuwa za siku kumi. Alhamisi asubuhi nilikuja hapa nikiwa sijalala, sijui hata nilivaa nini. Kijana aliponiona akatoka nyuma ya kaunta. "Pole sana, mama. Pole ya baba." Hakuniuliza kadi wala nini. Akaniletea maji kwanza.

Wasafiri, sikilizeni hapa. Mipango mingi ya bima ina ruhusa ya safari: ukisema unaondoka tarehe hii na kurudi tarehe ile, wanaweza kulipia dawa ya ziada kabla ya siku yake kufunguka. Wangu unaruhusu mara moja kwa mwaka, mwezi mmoja wa ziada. Haitoki yenyewe, ni lazima mtu apige simu aiombe. Mama wa duka alikaa kwenye simu hiyo dakika 40, kipokezi kimebanwa begani, huku mikono inahesabu vidonge vya watu wengine kwenye sinia, tano tano kwa kile kijiko bapa. Alipopata mtu, akataja tarehe zangu mbili, akatajiwa namba ya ruhusa, dai la insulini likapita. Sanduku moja, siku 35.

Pamoja na zile za siku kumi, zilibaki karibu wiki tatu hazina dawa. Hapo akaniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: "Tupige kwa bima au bila bima?" Akanionyesha kwamba metfomini na amlodipini ni dawa za zamani, zisizo na jina la kampuni, na ukizinunua kwa fedha bila kuigusa bima zinaweza kuwa rahisi kuliko mchango ninaolipa kila mwezi. Kweli, za siku 90, zote mbili, nililipa chini ya dola 25. Usipopitisha kwa bima hakuna namba 79, hakuna siku ya kufunguka, unachukua kiasi cha cheti chako. Ila pesa hiyo haihesabiwi kwenye kile kiwango unachotakiwa kujilipia mwenyewe kabla bima haijaanza kuchangia, hilo alinitahadharisha. Alinieleza pia kwamba zamani mikataba mingine ilimfunga mfamasia mdomo, asikwambie kuwa bila bima ni nafuu, na kwamba sheria mbili za nchi nzima zilizotiwa saini Oktoba 2018 zilikikata kifungo hicho. Lakini bado wengi hawasemi mpaka uulize. Muulizeni.

Insulini ya sanduku la pili nilinunua kwa fedha pia. Miaka iliyopita nisingethubutu. Lakini watengenezaji wakubwa walitangaza kupunguza bei mwaka 2023, na bei ya orodha ya Lantus ilishushwa kwa asilimia 78 kuanzia Januari 2024. Kwa wenye Medicare, bima ya serikali ya wazee, insulini imewekewa kikomo cha dola 35 kwa mwezi tangu 2023. Mama yangu mdogo anayo bima hiyo, nilimwambia siku hiyo hiyo.

Aliniandikia barua yenye majina ya dawa na dozi, akaniambia kalamu zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisiende kamwe kwenye begi la tumboni mwa ndege kwa sababu insulini ikiganda imekufa. Ambazo sijafungua ziwe kwenye friji, niliyoifungua inakaa nje siku 28 na hapo itupwe hata kama ina uniti. Nikamwambia Tanga umeme hukatika, na joto la kwetu ni la pwani. Akaniuliza kama nyumbani kuna mtungi wa udongo. Upo. Mtungi wa baba, uko pembeni ya mlango wa uani tangu nina akili zangu, maji yake yana baridi bila friji. Akasema weka kalamu ndani ya chombo kikavu chenye kifuniko, chombo ukiweke mtungini, maji yasiingie, na udongo wa nje ubaki na unyevu. Wiki tisa nilifanya hivyo kila umeme ulipokatika. Kila jioni nilipoinama kutoa kalamu kwenye mtungi ule nilikuwa namwona baba akichota maji ya kutawadha. Sukari yangu nikiwa msibani haikupita 200 zaidi ya mara mbili.

Sasa nyota ya tano.

Duka linafungwa saa nane mchana Jumamosi na Jumapili halifunguliwi kabisa. Kwa sisi wa zamu ni tabu. Maegesho ni ya magari sita na saluni inayatumia yote. Foleni ya Ijumaa jioni inafika mlangoni, kwa sababu mama haharakishi mtu, na ukiwa wewe ndiye unayesubiri unaliona hilo kwa jicho jingine. Mara tatu dawa yangu haikuwepo ikabidi waagize, ikaja kesho yake. Na zile sindano mpya za wiki, za sukari na unene, hawaziweki dukani. Shoga yangu aliandikiwa, akalazimika kwenda kwingine.

Nilimuuliza mama kwa nini. Akasema akiuza sindano ile, bima inamrudishia pungufu ya bei aliyoinunulia, na kila boksi ni hasara. Sikuelewa mpaka aliponieleza kwamba kati ya bima na duka kuna kampuni ya tatu, inayopanga dawa gani ilipiwe, ngapi, lini, na duka lirudishiwe kiasi gani. Ripoti ya tume ya biashara ya serikali kuu ya Julai 2024 ilisema tatu kubwa kati ya kampuni hizo zinashughulikia karibu asilimia 80 ya vyeti vyote vya dawa nchini. Na hapa Ohio, Agosti 2018, mkaguzi wa hesabu wa jimbo wa wakati huo, Dave Yost, alitoa ripoti kwamba ndani ya mwaka mmoja kampuni za namna hiyo zilibaki na dola milioni 224.8 kwenye dawa za Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, tofauti ya walichotoza na walichoyalipa maduka. Sikusimulia haya kuwachosha. Nasimulia kwa sababu mtu akiona rafu haina dawa atadhani duka halijui kazi, na mimi sitaki duka hili lifungwe. Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu ya Jumapili tu, na huo ndio ukweli wangu.

Jambo la mwisho walilonisaidia bado liko mbichi. Daktari anataka nipime sukari mara tatu kwa siku, bima inalipia stripu 100 kwa miezi mitatu, ambazo ni moja kwa siku na kidogo. Hiyo ilikuwa ile namba 76, kupita kiwango. Daktari akajaza fomu, wakakataa. Kijana akanikalisha akanisomea barua ya kukataliwa neno kwa neno kwa Kiswahili, mpaka tukafika pale chini ambapo huwa hatufiki: una siku 180 za kukata rufaa ndani ya bima yenyewe. Wakikataa tena unaweza kuomba watu wa nje, wasio wa bima, waangalie, na hilo ulifanye ndani ya miezi minne. Ikiwa afya yako haiwezi kusubiri, daktari aandike ni ya haraka na wanatakiwa kujibu ndani ya saa 72. Tuliandika rufaa pamoja. Nilipeleka daftari langu la vipimo, lile la mwezi wa pili lenye 380 ndani yake, na barua ya daktari. Wiki ya tatu wakakubali stripu 300.

Mkija, njooni na chupa zenu za zamani, hata tupu, na karatasi ya bima ya kukataliwa msiitupe. Semeni dozi mnayotumia kweli, si ile iliyo kwenye lebo. Njooni Jumanne au Jumatano asubuhi, mama anakuwa na nafasi. Lebo zao ni za Kiingereza kama kwingine, lakini mwombeni kijana aandike kwa mkono juu ya mfuko. Huandika saa za Kiswahili: yangu ya Lantus kwenye lebo ni 9 PM, yeye ameandika "saa tatu usiku". Mzee mmoja wa Kirundi aliyekaa karibu yangu alikuwa akimeza dawa yake ya saa mbili asubuhi saa nane mchana, miezi miwili, kwa sababu aliona 8.

Jana nilipita kuchukua metfomini. Kijana akaangalia kioo kabla sijafungua mdomo.

"Mama, sanduku lako linafunguka Jumatano. Usikuje na basi, theluji itakuwa mingi. Nitakuletea nikitoka kazi."

Nikamwambia, "Mwanangu, nitakupikia wali wa nazi."

"Na samaki?"

Na samaki.